Hotuba ya Mtaalamu Mkuu wa Riwaya za Kirusi, Mosocho na Vitongoji Vyake

Mheshimiwa Chifu uliyetuma udhuru, mwakilishi wa Chifu ambaye bado uko njiani, mwalimu mkuu mstaafu, akina mama wa chama, vijana wa bodaboda mliokimbilia humu kwa sababu ya mvua, na wewe binti wa sare uliyekaa mstari wa mbele na daftari: itifaki imezingatiwa.

Kwanza namwomba mwenye duka hapo chini apunguze redio. Huu si mkutano wa kutangaza mbolea. Hii ni hotuba ya kitaaluma, ya kwanza ya aina yake katika soko la Mosocho, na kwa kadiri nilivyochunguza kwa kuwauliza abiria stejini, hakuna mtaalamu mwingine wa riwaya za Kirusi kati ya Kisii mjini na Oyugis. Abiria mmoja alisema labda yuko Nyamira. Nimemwandikia huyo wa Nyamira barua ya kumtaka ajitokeze. Hajajitokeza.

Nasikia minong'ono ya kuuliza nimesomea wapi. Swali halali. Shahada yangu ya uzamivu ilitolewa na jopo la mtu mmoja, kwa kura ya wazi, na pingamizi halikuwapo. Mahafali yalifanyika chumbani kwangu. Anayetaka kuliona joho aje nyumbani, limetundikwa msumarini.

Mada ya leo ni namna ya kusoma riwaya kuu ya Kirusi kwa mara ya kwanza. Wengi wenu hamjawahi kufanya jambo hilo, nami nawahurumia. Mmesoma Chozi la Heri na Kigogo kwa sababu mtihani uliwalazimisha, mkafunga kitabu, mkaenda zenu kuchuma majani chai. Leo nawafungulia mlango mpana zaidi. Futeni miguu.

Kitabu gani kwanza? Wapo watakaokimbilia Vita na Amani cha Leo Tolstoy, kilichoanza kuchapishwa kwa vipande mwaka 1865 na kukamilika 1869. Kina sura 361, na watu zaidi ya 500, ambao wengine wanaingia, wanainama, wanasema neno moja la Kifaransa na kutoweka milele. Kitabu hicho ninacho. Kinashikilia mlango wa jikoni upepo ukivuma. Kwa mara ya kwanza usikisome, kibebe tu. Panda nacho matatu ya mjini, kiweke magotini, uone kondakta atakavyokuita mwalimu kabla hajakutoza nauli ya mzigo.

Wengine watasema Nafsi Zilizokufa cha Nikolai Gogol, cha mwaka 1842. Humo bwana mmoja kwa jina Chichikov anazunguka mikoani akinunua majina ya wakulima watumwa waliokwisha kufa lakini wangali kwenye orodha ya kodi, ili aweke majina hayo rehani na kupata mkopo. Gogol aliandika sehemu ya pili, kisha mwaka 1852 akaichoma moto, siku chache kabla ya kufa. Kitabu hiki sikipendekezi hapa. Nchi yenye wafanyakazi hewa na wapiga kura waliozikwa inaweza kukichukulia kuwa mwongozo wa kazi.

Kinachobaki ni kimoja: Uhalifu na Adhabu cha Fyodor Dostoevsky. Kilitoka mwaka 1866, kipande kwa kipande, katika jarida lile lile la Mjumbe wa Urusi lililokuwa likichapisha Tolstoy. Mfikirieni msomaji wa mwaka ule: kwa ada moja analetewa nyumbani Tolstoy na Dostoevsky. Sisi tukilipia bando tunaletewa nini? Msijibu, kuna watoto.

Nakala yangu nilijichagulia mwenyewe Nairobi, kwenye vitabu vya inama, pale kando ya barabara ambapo bidhaa imelala juu ya nailoni na msomi hana budi kuinama. Ni tafsiri ya Kiingereza ya Constance Garnett, bibi Mwingereza aliyeitoa mwaka 1914, na ambaye aliwatafsiri Warusi wengi kiasi kwamba rafu moja haiwatoshi. Jalada halipo, jalada ni pambo. Kurasa kadhaa za mwisho nazo zimejiondokea, jambo ambalo baadaye mtaona lilivyousaidia utafiti wangu.

Tuingie ndani.

Msomaji mgeni huvaa sweta. Amesikia Urusi ni theluji, basi anajifunika blanketi ndipo afungue ukurasa wa kwanza, na anakuta ni Julai, joto la kuua, vumbi, chokaa ya majengo, uvundo wa vilabu vya pombe. Petersburg yote inatoka jasho. Anayetafuta baridi katika Uhalifu na Adhabu ni heri akae hapa Mosocho jioni baada ya mvua.

Kisha majina. Hapa ndipo wasomaji wa Nairobi hufia. Kijana wa riwaya ni Rodion Romanovich Raskolnikov. Ukurasa huu ni Raskolnikov, unaofuata ni Rodion Romanovich, mama yake akimwandikia barua ni Rodya. Dada yake ni Avdotya Romanovna mbele ya wageni na Dunya nyumbani, na mama akizidiwa na mapenzi anakuwa Dunechka. Mgeni anahesabu watu sita chumbani, kumbe ni wawili na kochi.

Wagusii wenzangu, hili si tatizo letu. Chukueni mama yeyote anayeuza ndizi hapo chini. Kwenye daftari la parokia ni Teresia. Kwao alikozaliwa ni Kwamboka. Sokoni ni Mama Kevo. Kwa wakwe anaitwa mke wa fulani, hata kama fulani ameshazikwa. Mjukuu aliyerithi jina la marehemu babu yake anaitwa na bibi huyo "mume wangu" mbele ya kadamnasi, na hakuna anayekimbilia polisi. Mtumie pesa sasa: simu inakuletea jina lake la serikali, kwa herufi kubwa, nawe unasita kubonyeza kwa sababu humjui mtu huyo. M-Pesa ndiyo taasisi pekee nchini inayozungumza kama Dostoevsky.

Na hilo jina la katikati, Romanovich, ni la baba: mwana wa Roman. Mrusi akikuheshimu anakuita kwa jina lako na la baba yako. Watu hao wangekaa vizuri barazani kwa wazee wetu, ambako kijana huulizwa ni wa nani na ni wa ukoo gani, halafu labda jina. Ndiyo maana nina neno na mpelelezi wa kesi, Porfiry Petrovich. Kitabu kizima hakitaji jina lake la ukoo. Baba tunaambiwa ni Pyotr, ukoo, kimya. Hapa kwetu mtu wa namna hiyo asingepewa binti wala kipande cha shamba, naye kule amekabidhiwa kesi ya mauaji.

Mzee uliye nyuma, nakuona ukitikisa kichwa kila nitajapo jina la Kirusi. Najua ulisomea uhandisi Moscow, katika Chuo cha Lumumba, kile kilichofunguliwa mwaka 1960 na kuchukua vijana wengi wa Afrika. Hongera. Lakini kuishi Moscow ni jambo moja na utaalamu ni jambo jingine. Wapo watu waliozaliwa London na hawajui Shakespeare ni nani.

Twende kwenye fedha, maana chama kimeanza kusinzia. Raskolnikov alikuwa akisomea sheria, karo ikamshinda, akaacha. Katika sura ya kwanza anapeleka saa kuukuu ya fedha ya marehemu baba yake kwa bibi wa rehani, Alyona Ivanovna. Anaomba rubeli nne. Bibi anatoa moja na nusu. Riba ni kopeki 10 kwa kila rubeli kwa mwezi, na inakatwa mbele. Haya, hesabuni nami: kopeki 15 za saa. Kopeki 20 za rubeli mbili alizokopa awali. Jumla 35. Kijana anashuka ngazi na rubeli 1 na kopeki 15, na saa ya baba imebaki juu.

Mnaona akina mama walivyoamka? Asilimia 10 kwa mwezi, imekatwa kabla hujaigusa, na mali yako imefungiwa kabatini kwa mtu. Maprofesa wa Ulaya wametumia karne na nusu kueleza kwa nini kijana mpole anaweza kumchukia yule bibi. Wasingehangaika. Wangemuuliza mtu yeyote aliyewahi kuacha televisheni yake kwa shailoki mwezi Januari karo za shule zilipofika.

Sasa mauaji. Msihuzunike, siwaharibii utamu. Yanatokea mwisho wa sehemu ya kwanza kati ya sehemu sita, na msomaji aliyezoea filamu za polisi hubaki ameduwaa: muuaji anamjua, silaha anaijua, na kurasa mia kadhaa bado zipo. Kinachofuata ni homa, mazungumzo, na mpelelezi asiye na ukoo anayecheka pasipo na kichekesho.

Lakini maandalizi! Kijana anashona kitanzi ndani ya koti ili shoka lining'inie kwapani lisionekane. Amekwisha kuhesabu hatua kutoka lango lake hadi nyumba ya bibi: 730 kamili. Nilitaka kuthibitisha umbali huo kwa kutembea kutoka ngazi za ukumbi huu kuelekea lango la shule ya Cardinal Otunga, mvua ikanizuia, na sayansi imebaki na pengo. Siku yenyewe anashuka kuchukua shoka jikoni, anamkuta mtumishi Nastasya humo akianika nguo. Mpango wa mwezi mzima karibu uvunjike kwa sababu ya mtu kufua. Analipata kwa bahati kwenye chumba cha mlinzi wa lango. Hapa mimi kama mhakiki nasema wazi kwamba Dostoevsky hakuifikiria Mosocho. Hapa mtu akipita barabarani na panga mchana kweupe, watu wanamuuliza kama mahindi yameota. Kitanzi cha nini?

Anamuua bibi, na dada yake Lizaveta anayeingia bila kutarajiwa. Anachukua vito na kijimkoba. Halafu, sikilizeni, anakwenda kwenye ua fulani, anainua jiwe, anafukia kila kitu chini yake, na hafungui mkoba. Hahesabu! Mtu ameua kwa sababu ya umaskini na hahesabu.

Mama, usiondoke. Najua inaudhi. Hata mimi nilifunga kitabu pale nikatoka nje kuvuta hewa. Keti, kuna sababu.

Sababu ni kwamba kijana huyu aliwahi kuandika makala gazetini. Katika makala hayo wanadamu wako wa aina mbili: watu wa kawaida, ambao kazi yao ni kutii na kuzaana, na watu wachache wa kipekee, kina Napoleon, wenye haki ya kuvuka mipaka. Niliposoma nadharia hiyo nilitulia kwa muda. Niliona mtu ambaye hajahitimu, anayekaa chumba cha kupanga, asiye na kazi maalumu, lakini anayejua moyoni kwamba yeye si wa kundi la kwanza. Sikujiuliza ni nani. Nilisema tu: huyu mwandishi alinijuaje? Isipokuwa habari ya shoka.

Nimesikia mtu akicheka. Ameandikwa.

Sura ambayo kila Mgusii anapaswa kuisoma akiwa amesimama ni ile ya karamu ya matanga. Marmeladov, karani mlevi, amekanyagwa na gari la farasi. Ameacha mjane, Katerina Ivanovna, anayekohoa damu, na watoto watatu wenye njaa. Raskolnikov, ambaye mwenyewe hana kitu, anawaachia rubeli 20. Mjane anafanya nini? Karibu nusu anaitia kwenye karamu ya mazishi, kusudi majirani wajue kwamba marehemu hakuwa mtu duni. Wapangaji wamealikwa wote. Makaburini karibu hakuna aliyekwenda. Kwenye chakula wamefika, lakini wale wenye hadhi aliowataka mjane hawaonekani, wamekuja akina yahe wenye nguo zenye madoa, mmoja kalewa tayari. Mjane anamlaumu mwenye nyumba kwa kofia yake, mwenye nyumba anajibu, baba wa huyu anatukanwa, baba wa yule anatajwa kuwa wa kubuni, na sahani zinaanza kuruka.

Sihitaji kuongeza neno. Nani hapa hajaona hema limekodishwa, spika zimekodishwa, ng'ombe amechinjwa kwa mkopo, na Jumatatu mjane anatafuta unga? Nani hajamwona yule bwana anayefika baada ya kaburi kufukiwa na kuuliza chakula kinagawiwa upande gani? Nakuangalia wewe. Nasikia wasomi wa Ulaya huiita sura hiyo ya kuchekesha. Mimi niliisoma nikitaja majina ya watu pembeni kwa penseli.

Halafu kuna Sonya, binti wa marehemu, aliyeingia barabarani kujiuza ili wadogo zake wale. Raskolnikov anamwambia amsomee habari za Lazaro, Yohana sura ya 11. Sonya anasoma, sauti inakatika, na Agano Jipya alilolishika aliletewa na Lizaveta. Ndiyo, Lizaveta yule. Kijana anasikiliza ufufuo kutoka kitabu cha mtu aliyemuua. Jambo hilo halihitaji maelezo hapa, ambapo Wakatoliki wana Nyabururu, Wasabato wana Nyanchwa, na habari za Lazaro tumezisikia kwenye mazishi mengi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Nilipofika hapo mimi, ambaye nina tabia ya kupiga mstari chini ya makosa ya mwandishi, kalamu niliiweka.

Naendelea. Chai. Nastasya anamletea Raskolnikov chai iliyochacha ndani ya birika lenye ufa, na vipande viwili vya sukari ya manjano. Maziwa hakuna. Nimemaliza habari ya chai.

Tufike kwenye ugunduzi wangu, ambao ndio uliowaleta hapa, ukiacha mvua. Kichwa cha kitabu kinaahidi mambo mawili. Uhalifu tumeuona. Adhabu iko wapi? Nimefuatilia hadi mwisho wa nakala yangu. Raskolnikov anaingia kituo cha polisi kukiri. Anamkuta afisa mwenye hasira aitwaye Luteni Baruti, ambaye siku hiyo ana maneno mengi na anamsimulia kwamba Svidrigailov, bwana aliyekuwa akiijua siri yake, amejipiga risasi. Raskolnikov anapauka, hakiri kitu, anageuka, anashuka ngazi, anatoka nje. Mwisho! Ukurasa umekwisha, kijana yuko huru, hewa safi. Dostoevsky alituahidi adhabu juu ya jalada na akatunyima ndani, na hakuna mhakiki aliyewahi kuliona hilo kabla yangu.

Ndipo nikatambua kwamba hii ni riwaya ya Kenya. Uhalifu upo, kila mtu anamjua aliyefanya, mashahidi wanahojiwa kwa kurasa mia tano, halafu mtu anashuka ngazi anatoka nje. Tume ya kuchunguza kashfa ya Goldenberg iliundwa mwaka 2003, ikatoa ripoti 2006. Malizieni wenyewe. Na si ajabu Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda kumalizia Petals of Blood kule Yalta mwaka 1975, kwenye nyumba ya waandishi wa Kisovieti. Riwaya hiyo nayo inafunguka kwa watu watatu waliouawa na mpelelezi anayeuliza maswali. Hata Alexander Pushkin, baba wa fasihi ya Warusi, babu mzaa babu yake upande wa mama alikuwa Mwafrika, Gannibal. Bado sijathibitisha kwamba alitoka Kitutu, lakini milango iko wazi.

Binti, mkono wako umeinuliwa muda mrefu. Uliza kwa kifupi.

Unasema Raskolnikov anapotoka nje anamkuta Sonya amesimama uani, mweupe kama karatasi. Unasema anamtazama, anageuka, anapanda ngazi tena na kukiri kila kitu. Unasema kuna sehemu nyingine baada ya hapo, iitwayo hitimisho, na kwamba amehukumiwa miaka minane Siberia, na Sonya amemfuata huko. Unasema mkoba ulipofukuliwa chini ya jiwe ulikutwa na rubeli 317 na kopeki 60, na majaji nao walishangaa kwa nini hakuhesabu.

Mama wa ndizi, tafadhali usishangilie.

Mzee wa Moscow, hapa hatupigi makofi katikati ya hotuba.

Binti, unachokisema kinapatikana katika toleo refu. Mimi nafuata toleo la Nairobi, ambalo ni fupi na lina nguvu zaidi, na ndilo linalotambuliwa na mkondo wangu wa uhakiki. Nakubali kwamba toleo refu lipo, kama ninavyokubali kwamba kuna watu wanaotia nyanya kwenye mboga za chinsaga. Miaka minane unasema? Kwa watu wawili? Na mwenyewe alijipeleka? Basi hilo lina kasoro ya uhalisia, hakuna Mkenya atakayeliamini.

Mvua imepungua na naona vijana wa bodaboda wanatazama mlango. Mwakilishi wa Chifu amefika. Karibu, bwana, tumemaliza. Ada ya ukumbi ikusanywe kwenye kofia hii. Hotuba ijayo ni ya Anna Karenina, ambacho bado nakitafuta kwa wenye vitabu, kwa hiyo anayekijua asije.

Na wewe binti, usiondoke na wenzako. Kitabu hicho umekiazima maktaba ya Kisii, sivyo? Kinarudishwa lini? Niachie hadi kesho asubuhi. Nataka kukagua hizo kurasa za mwisho, nione kama mchapishaji hakukosea. Na daftari lako pia liache.